Kilomita Ishirini na Sita

Hii ninayokusimulia najua utabisha. Hata mie ningebisha. Lakini gari bovu la mzee mmoja wa Temeke lilitoa ushahidi lenyewe, mchana kweupe, na ushahidi ulipotoka, aliyeuomba ndiye aliyetamani urudi ulikotoka.

Jumatatu saa nne kasorobo asubuhi, Recho Mapunda alishuka kwenye bodaboda mbele ya geti la kijani, begi la vifaa mgongoni, simu mkononi. Kama hujawahi kumsikia, Recho ni yule dada anayezunguka gereji za watu na kidude kidogo kama kiberiti. Anakichomeka chini ya usukani, kinaongea na simu yake, na simu inamwambia injini inaumwa nini. Mafundi wengi wa mtaani hawana mashine hiyo, kwa hiyo wanamwita. Siku hiyo hakuitwa na fundi. Alijiita mwenyewe.

Ishu ilikuwa hivi. Ijumaa, fundi Nurdin wa Kiwalani alitengeneza Premio ya Mzee Abdulsamad, mwenye duka la vitambaa. Gari lilikuwa linatetemeka. Recho akaja kulipima pale pale gereji, akasema koili ya silinda namba tatu, kile kifaa cha kutoa cheche, imekufa, Nurdin akaweka mpya. Jioni akalirudisha Temeke limetulia kama maji ya mtungini. Jumapili mchana likaanza kutetemeka upya, tena na kuvuma kama trekta. Fundi wa jirani akainama, akagonga bomba la moshi, akamwambia mzee ameibiwa masega. Masega ni yale mawe ya vitundu vitundu yanayokaa kwenye boksi la bomba, na siku hizi yana wanunuzi kila kona. Jumapili hiyo hiyo Nurdin akalala rumande.

Na Jumatatu saa sita alikuwa anapelekwa mahakamani. Akikosa wa kumdhamini, safari inaishia Ukonga, gerezani.

Dada yake Nurdin, anaitwa Tabu, alishamtumia Recho ujumbe wa sauti. "Ndugu yangu, niko nje ya kituo tangu alfajiri. Chai nimemletea, hajainywa. Kama kuna kitu unaweza kufanya, kifanye leo."

Getini alikuwepo Sajenti Romani, mpelelezi wa kesi, shati la kiraia, daftari kwapani, anatafuna karanga za kukaanga. Alimkubalia Recho aje kulipima gari kwa sababu moja tu: mwaka juzi Recho alishawahi kuokoa gari la sajenti mwenyewe lisiuzwe chuma chakavu.

"Una mpaka saa tano na nusu," akasema. "Baada ya hapo mie napeleka jalada."

"Saa moja inanitosha, afande."

"Mafundi wote mnasemaga hivyo. Halafu gari linakaa wiki."

Mzee Abdulsamad alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, kanzu nyeupe, mkono mmoja kiunoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwambia yule mwizi aninunulie koili?"

"Ndiye mie."

"Basi mko wawili." Alimgeukia sajenti. "Andika hapo, wako wawili. Miaka kumi na moja nampa Nurdin gari langu. Harusi yake nimekwenda. Leo ananiwekea koili mbovu na kunichomolea masega."

Recho akasogea karibu naye. Alitoa simu, akauliza kama anayeuliza bei ya nyanya. "Mzee, alikuletea saa ngapi?"

"Ijumaa, baada ya magharibi kidogo."

"Tangu hapo limetoka?"

"Liende wapi? Jumamosi mgongo ulinilaza. Jumapili adhuhuri nikataka kwenda kwa dada yangu, nikawasha, nikasikia msiba. Hata kiti sijakikalia vizuri, niliwasha nikiwa nimesimama mlangoni."

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye msumari, sebuleni."

"Na hapa nyumbani mko nani?"

"Mie na mwanangu Jawad." Mzee akamwangalia kwa jicho la pembeni. "Usianze."

Recho akaingia kwenye gari. Kitu cha kwanza, miguu yake haikufika kwenye pedeli. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na ule mto mdogo wa mgongo wa mzee ulikuwa umetupwa siti ya nyuma. Mzee mwenyewe ukimsimamisha na Recho wanalingana urefu. Recho akakipiga picha kiti, akapiga picha mto, akavuta kiti mbele, akawasha.

Loh. Premio ilitetemeka mpaka kikombe cha kahawa alichokiweka sajenti juu ya boneti kikaanza kutembea. Taa ya injini ilikuwa inapepesa kama jicho lenye mchanga.

Akachomeka kidude. Sajenti akaingiza kichwa dirishani.

"Inasemaje?"

"P0303. Silinda namba tatu haichomi."

"Ile ile ya Ijumaa."

"Ile ile."

"Basi tumemaliza," sajenti akasema, akafungua daftari.

"Bado, afande. Kodi, hiyo namba ya kosa, inakwambia nani analia. Haikwambii nani kampiga."

Hapa inabidi nikutajie mtu mmoja. Recho hakusomea chuo. Alilelewa na mjomba wake, Cyprian, fundi wa Goba, ambaye alimchukua akiwa na miaka tisa, akamfundisha kazi mpaka leo anaitwa na watu. Kwenye gereji ya mjomba kulikuwa na mambo mawili hayaulizwi. La kwanza, koili ikifa unaipiga alama ya msalaba kwa tipeksi nyeupe, upande wa ndani, isije ikarudi kwenye gari la mtu kwa bahati mbaya. La pili, gari halitoki gereji taa ya injini ikiwaka. Unasoma, unatengeneza, unafuta kodi, ndiyo unamkabidhi mwenyewe. Recho aliyashika yote mawili.

Siku hiyo hakufuta kitu. Alifungua boneti, akachomoa koili ya namba tatu na ya namba moja, akazibadilishanisha bila hata kuziangalia, mikono ilishazoea. Akawasha tena. Wakasubiri. Kodi mpya ikaja juu ya ile ya zamani: P0301.

"Ugonjwa umehama," Recho akasema. "Umeifuata koili. Kwa hiyo injini haina shida, plagi hazina shida. Koili ndiyo mbovu."

"Si ndiyo ninachosema tangu jana," mzee akadakia kutoka barazani. "Kaniwekea mbovu."

Recho akaichomoa tena ile mbovu, safari hii akaigeuza.

Msalaba wa tipeksi. Mweupe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, kama anavyouandikaga yeye.

"Nini?" sajenti akauliza.

"Hii niliipiga msalaba mie mwenyewe Ijumaa."

"Kwa hiyo Nurdin hakubadilisha."

"Alibadilisha, nilikuwepo." Recho akatafuta video kwenye simu, akampa. Video ilionesha injini imetulia, dashibodi haina taa, kilomita zinasomeka vizuri: 142,310. Recho hurekodi kila gari akimaliza, anaweka status, ndiyo tangazo lake la biashara. "Mbovu tuliiweka kwenye boksi la ile mpya, tukalitia kwenye buti. Mteja lazima arudishiwe kifaa chake cha zamani, asije akasema hakikubadilishwa."

Wakafungua buti. Boksi lipo. Ndani hewa.

Sajenti akakuna kidevu. "Nurdin angeweza kuirudisha njiani, ile mpya akaweka mfukoni."

"Angeweza," Recho akakubali, akatandika boksi la karatasi chini, akateleza chini ya gari. Akagonga bomba kwa spana. Lilijibu kama debe tupu. Akamulika kwa simu.

"Afande, njoo uone. Limechanwa kwa grainda, mawe yakatolewa, halafu likafungwa kwa kuchomelewa. Limechomelewa vizuri, mstari umenyooka. Wezi wa mtaani wanakata bomba wanakimbia. Huyu alikuwa na shimo la kuingilia chini, umeme, na muda."

"Fundi."

"Fundi. Lakini Nurdin hajui kuchomelea. Shimo hana. Anafanyia kazi kwenye mchanga."

"Ana marafiki," sajenti akasema, akatupa maganda ya karanga. "Sista, mpaka hapa unanichorea fundi, na mie fundi ninaye rumande."

Saa nne na nusu ilishapita. Recho akarudi kwenye usukani. Kwenye simu kuna ukurasa ambao mafundi wengi hawaufungui maana hauna kodi, una tarakimu tu. Akashuka nao taratibu mpaka akafika mstari mmoja. Akausoma. Akausoma tena kwa sauti.

"Umbali tangu kodi zilipofutwa: kilomita ishirini na sita."

"Ndiyo nini?"

"Ijumaa nilifuta kodi mie mwenyewe, gari likiwa na laki moja na arobaini na mbili elfu, mia tatu na kumi. Leo dashibodi inasoma elfu zile zile, mia tatu sitini na tisa. Zimepita ngapi?"

Sajenti akaandika. "Hamsini na tisa."

"Basi hapa ingetakiwa kuandika hamsini na tisa. Imeandika ishirini na sita. Kuna mtu amefuta kodi baada yangu. Sasa toa kilomita saba, kutoka Kiwalani mpaka hapa. Zinabaki ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Gawa kwa mbili."

Sajenti hakuandika. Alibaki na kalamu hewani, karanga imesimama shavuni. "Ishirini na sita."

"Lilitoka kwenye geti hili, likaenda kilomita ishirini na sita, mtu akatoa masega, akafuta kodi, likarudi kilomita ishirini na sita. Mwizi wa kawaida hafuti kodi, afande. Kufuta kodi ni tabia ya fundi anayekabidhi gari. Na Nurdin hana mashine, ndiyo maana ananiita."

Mzee Abdulsamad alishanyanyuka kwenye kiti bila kushika mgongo.

Sajenti Romani akafikiri. Halafu akatikisa kichwa. "Hesabu nzuri. Lakini haina siku. Nurdin alikaa na gari Ijumaa tangu mchana mpaka magharibi. Angeweza kuzunguka nalo kilomita hamsini na mbili ndipo alilete. Gari halisemi ni lini. Hakimu ataniuliza lini."

Hapo Recho akautazama mlango wa sebule. Kweli gari halisemi ni lini.

"Muite Jawad," akasema.

Jawad akatoka ndani, kijana wa miaka ishirini na mbili, mrefu kama mlingoti, spika za masikioni bado zinaimba singeli. Recho akamwangalia magoti, akakumbuka kiti.

"Gari la mzee umelitoa?" sajenti akamuuliza.

"Mie? Huyu mzee haniruhusu hata kulifuta vumbi."

"Jumapili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Alikuwa amelala," mzee akasema. "Niliona kwa macho yangu mlango wake umefungwa."

"Uliuona mlango, mzee," Recho akasema kwa upole. "Jawad, mdogo wangu, mto wa mgongo wa mzee nani kauweka nyuma?"

"Sijui mambo ya mito mie, sista."

"Na kiti nani kakisukuma?"

"Muulize fundi wenu." Lakini mkono ulipanda kuchomoa spika sikioni.

Sajenti akamshika bega. "Twende ndani tuongee vizuri. Mzee, na wewe karibu." Mlangoni akageuka. "Recho, una nusu saa. Nitafutie siku."

Recho akabaki na Premio. Akawaza siku itatoka wapi. Gari halitunzi tarehe. Lakini simu inatunza. Ile programu anayopimia huandika kila gari kwa namba yake ya chesisi: limepimwa lini, saa ngapi. Yeye huwa haangalii kwa sababu anajua amepima nini. Alitaka tu picha ya ile ya Ijumaa, amwoneshe sajenti kwamba mchana ule gari lilikuwa zima. Akafungua historia.

Gari hili limepimwa mara tatu.

Akadhani macho. Yeye alilipima Ijumaa, na leo. Mbili. Akashuka chini.

Jumatatu, 10:04. Jumapili, 07:40. Ijumaa, 11:20. Zote tatu kwa jina moja: Recho Mapunda.

Wewe fikiria. Umekuja kumtafuta mwizi, na simu yako mwenyewe inakutaja wewe. Jumapili saa moja na dakika arobaini Recho alikuwa kanisani, misa ya kwanza, simu imezimwa kwenye pochi. Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Kidole kikabonyeza ile ya Jumapili. Ukafunguka mstari mmoja mdogo: kidude kilichotumika.

MJOMBA.

Mwaka jana Recho alinunua kidude kipya. Cha zamani akampelekea Cyprian zawadi, akakiandika jina hilo mwenyewe, na kwa kuwa mjomba hakuweza kufungua akaunti ya programu, akamwekea ya kwake. Akafungua ramani. Akaandika kutoka pale alipo mpaka gereji ya Goba. Ramani ikazunguka kidogo.

Kilomita ishirini na sita.

Akapiga. Ilipokelewa mlio wa pili, nyuma yake grainda inalia.

"Recho mama."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Jumapili asubuhi ulipima Premio ya rangi ya fedha."

Grainda ikazimwa. Recho akaangalia simu kama bado ipo hewani.

"Kijana mmoja mrefu aliileta," Cyprian akasema. "Alikuwa anamfuata msichana huku, gari likagoma kupanda kilima. Nikamwambia masega yameziba, yakitoka litapumua. Akasema toa, baba asijue."

"Yalikuwa yameziba?"

"Hendibreki ilikuwa juu." Akacheka kidogo, kile kicheko cha gereji ambacho Recho alikua nacho. "Hawa watoto hawajui hata hendibreki, mama."

"Na koili?"

"Nina gari la mteja hapa linasubiri koili kama ile. Ya kijana ilikuwa mpya kabisa."

"Ukamrudishia mbovu. Yenye msalaba."

"Niliuona msalaba wako."

"Uliuona."

"Ndio ulionipa moyo. Nikasema gari hili ni la Recho. Likiharibika litarudi kwa Recho. Yaani liko nyumbani."

Recho akaangalia ile koili mkononi. Alifundishwa kuchora msalaba ule akiwa hajafika hata kwenye boneti, amesimama juu ya kreti la soda.

"Mjomba, kuna fundi yuko rumande kwa ajili hiyo. Saa sita anapelekwa mahakamani."

"Atatoka. Vijana wanatoka. Mie nina miaka sitini na tatu, nikiingia sitoki." Sauti ikashuka. "Umeshamwonesha mtu?"

"Bado."

"Basi futa. Futa kodi, futa na hiyo historia. Sema koili imekufa, vifaa vya siku hizi feki. Vidole viwili tu, mwanangu."

Mjomba akakata simu.

Na kweli ni vidole viwili. Bonyeza futa kodi, zile kilomita ishirini na sita zinarudi sifuri. Bonyeza futa historia, Jumapili inapotea. Jawad yuko ndani anakataa, na hata akikubali, atasema fundi wa Goba, na Goba mafundi wamejaa kila kilima. Simu ikalia. Tabu tena, sauti inakatika katika: "Wamemtoa mahabusu, wanaandika majina. Amenipungia mkono, Recho. Ana pingu."

Kidole cha Recho kilikuwa juu ya kioo, umbali wa punje ya mchele.

Mlango wa sebule ukafunguka. Sajenti Romani akatoka peke yake, amechoka. "Dogo kagoma. Analia, lakini kagoma. Umenipatia siku, au nipeleke jalada?"

Recho akasimama. Akampa simu, ile Jumapili ikiwa wazi pamoja na jina la kidude.

"Jumapili, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Gari lilishakabidhiwa siku mbili nyuma. Mzee mwenyewe ni shahidi."

Sajenti akasoma. Akasoma tena. Alipoinua macho hayakuwa macho ya mtu aliyekuwa anakula karanga.

"Jina hapa ni lako."

"Ni langu."

"Unajua nikiandika hivi, naanza na wewe?"

"Najua. Akaunti ni yangu, kidude nilimpa mtu."

"Nani?"

Recho akafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, simu ikaanza kutetemeka mkononi mwa sajenti, na picha ikajaa kioo: mzee mwenye ovaroli la bluu, amemshika begani binti wa miaka tisa aliyesimama juu ya kreti la soda. Juu yake jina, neno moja, lile lile sajenti alilolisoma kwenye historia dakika moja iliyopita.

Sajenti akaangalia simu. Akamwangalia Recho. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa yake, akapiga kituoni. "Huyo Nurdin msimpandishe kwenye gari. Nisubirini."

Halafu akamnyooshea Recho ile inayolia.

"Pokea," akasema. "Weka sauti kubwa. Muulize habari ya Jumapili, kama vile mie sipo."

Simu ililia mara ya nne. Ya tano. Mtu aliyemlea yuko upande wa pili anasubiri kusikia kwamba mambo yamekwisha, na Nurdin yuko kituoni na pingu, mguu mmoja uko tayari kupanda. Recho akafuta mafuta ya kidole gumba kwenye suruali, akapokea.

"Mjomba," akasema, "hebu niambie tena ile ya Jumapili."

Sasa wewe unayesoma hapa, na simu yako iko mkononi hivyo hivyo. Ungekuwa ni wewe, vidole viwili vinatosha na hakuna aliyeona. Ungefanyaje?